Mfujaji Mpya wa Katubuka

Kila asubuhi katika uwanja wa Merina kule Katubuka, ndoo zilitangulia bombani na wenyewe wakafuata. Ya kwanza ilikuwa ndoo ya rangi ya ukuta iliyopasuka mdomoni, mali ya Kasongo, fundi wa injini za boti, kwa sababu Kasongo aliwahi kushuka bandarini. Nyuma yake lilikaa beseni la waridi la Dotto, binti msusi aliyeosha vichwa vya wateja barazani. Kisha kindoo chenye mfuniko cha Mzee Telesphory, mstaafu wa reli, ambaye hakuamini maji yasiyofunikwa. Halafu yalifuata madumu ya njano ya Ndayikunda, yamefungwa kamba moja shingoni kama mbuzi wanaopelekwa mnadani, mengi kuliko vyombo vya wengine wote. Ndayikunda alikuwa na mume, Bonfils, na watoto tisa, na wa kumi alikuwa tumboni.

Merina alitoka wa mwisho, ufunguo wa kofuli ukining'inia kifuani, akakaa kwenye kigoda chake kando ya koki. Wapangaji walimwita Mama Adolf, kwa jina la mwanawe aliyehamia Dar es Salaam. Alikuwa mjane, mpika sabuni ya mawese, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kicheko. Nyumba ile yenye vyumba vingi aliachiwa na marehemu mumewe, pamoja na mita ya maji. Nyumba haikumsumbua hata siku moja. Mita ndiyo iliyomtoa jasho.

Ofisi ya maji ilikuwa imeleta utaratibu mpya wa kubana matumizi. Kila mita ilihesabiwa kuwa na kaya moja, na kila kaya ilipewa bajeti ya maji kwa idadi ya vichwa vyake. Aliyebaki ndani ya bajeti alikuwa ngazi ya kwanza, akalipa bei ya huruma. Aliyevuka alipanda ngazi ya pili, ambako maji yale yale yaliuzwa mara mbili. Aliyevuka tena alifika ngazi ya tatu, ngazi ya wafujaji, ambako bei ilikuwa ya kumkomoa mtu, na juu ya hayo alikuja mtumishi na kopo la rangi akamchorea duara jekundu kwenye ukuta wa mbele, mtaa mzima ujue.

Mita ya Merina iliandikishwa kwa vichwa viwili, chake na cha mumewe. Mume alipofariki, ofisi ilimfuta kwa uaminifu mkubwa. Kikabaki kichwa kimoja. Wapangaji hawakuwamo, kwa kuwa mpangaji ni mpita njia. Kwa hiyo, kwa hesabu za ofisi, mjane mmoja wa Katubuka alikuwa akinywa, akioga na kufua kama kambi nzima ya jeshi. Ukuta wake ulikuwa na maduara mengi hata wapita njia wakadhani ni urembo, na jirani mmoja aliuliza fundi wake ni nani.

Na ziwa lilikuwa pale pale chini, limejilaza mpaka Kongo, linameta, halina bajeti.

Ilipofika bili ya mwezi ule, wapangaji walikutana barazani. Mzee Telesphory alivua kofia kwanza, na watu wa uwanja ule walijua kwamba akivua kofia ana neno baya la kusema.

"Mama Adolf, mimi sina ubaya na mtu," alisema. "Ila watoto tisa wakioga, huo ni mto. Sisi wengine tunalipia mto."

"Na wa kumi anakuja," Dotto akaongeza. "Sasa si ndiyo tutaisha kabisa, jamani? Mimi wateja nawaosha kwa kikombe, wale wanajimwagia tu."

"Miye sisemi kitu," alisema Kasongo, na hilo kwake lilikuwa kusema. "Ila mwenye nyumba ndiye mwenye kuamua."

Walitaka Ndayikunda na watu wake wapewe notisi. Ndayikunda alikuwa nyuma yao tangu mwanzo, ameshika nepi kuukuu alizokuwa akizitoa sandukuni kuzianika, na alikuwa amesikia yote. Hakupiga kelele.

"Mama," alimwambia Merina, "mimi nilizaliwa njiani, mama yangu akiwa anakimbia. Nikaolewa kambini. Hawa tisa wote nimewazaa mahali pa kupanga foleni ya maji toka alfajiri. Huyu mmoja nataka akizaliwa aoge kwenye nyumba yenye bomba. Ni hilo tu. Akishaoga hapa, hata ukinifukuza nitaondoka."

 Merina mwenyewe alizaliwa Ujiji, akaolewa Katubuka, na safari ndefu kuliko zote maishani mwake ilikuwa kwenda Tabora kwenye msiba. Alisema suala hilo atalijibu baada ya kwenda ofisini, akafunga kofuli, akaingia ndani kukoroga sabuni kwa nguvu isiyohitajika.

Pale ofisi ya maji alipokelewa na Bariki, kijana mwembamba mwenye tai, aliyemwamkia vizuri kabla ya kumwambia jambo lisilopendeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuongeza vichwa."

"Vichwa haviongezwi hivi hivi, mama. Kaya ni watu wanaolala kwenye paa moja na kula chungu kimoja. Wapangaji wako wanakula chungu kimoja nawe?"

Merina alifikiri kidogo. "Jumapili watakula," alisema.

"Basi Jumapili nitakuja kuhakiki."

Mtu mwingine angewapanga wapangaji barazani na sufuria ya mkopo, wajifanye wanatafuna mpaka kijana aondoke. Merina hakuweza. Kwao kulikuwa na miiko michache, lakini huu ulikuwa mmoja: chakula hakitumiki kusema uongo. Ukisema mnakula pamoja, mle pamoja, mpaka mshibe. Aliwaambia wapangaji hivyo, akawaambia pia kwamba atakayeleta kiporo hatamtambua.

Chombo pekee kilichotosha watu ishirini na watatu kilikuwa chungu cha maharage ya misiba, ambacho Mzee Telesphory alikirithi kwa nyanya yake kule Kasulu na kukifungia chini ya kitanda. Wanaume walikitoa kwa kukibingirisha. Siku ya Jumapili kiliwekwa juu ya mafiga uwanjani, na kila chumba kikaja na chake. Ndayikunda alileta maharage. Mke wa Kasongo alileta sombe ya majani ya muhogo. Dotto alileta migebuka ya ziwani iliyokaushwa, Merina akamimina mawese kama mtu asiyejua yanauzwaje. Walipika ugali wa muhogo mlima mzima. Walianza kula kwa aibu, maana walikuwa wamesemana wiki nzima, na mkono wa Telesphory ulikutana na mkono wa Ndayikunda kwenye kipande kimoja cha samaki. Telesphory akamwachia.

Bariki alifika wakiwa katikati. Alikuwa na kifaa chake cha kuandikia kwapani, akasimama pembeni, akaanza kuhesabu vichwa kwa kidole.

"Karibu chakula," walisema wote.

"Asanteni, nimeshiba."

 Telesphory aliweka tonge chini. "Mwanangu," alisema, "huku kwetu ukikuta watu wanakula ukakataa, ina maana una neno nao. Una neno nasi?"

Bariki hakuwa na neno nao. Alilegeza tai, akanawa, akachukua tonge moja la adabu. Sombe ilikuwa imekubali. Akachukua la pili, na la tatu, na mwishowe akavua viatu, akakaa mkekani kati ya watoto wa Ndayikunda na kugombea ukoko. Alipomaliza aliandika vichwa ishirini na vitatu, akashukuru, akaondoka akijipapasa tumbo. Uwanja ulishangilia. Bonfils aliwapigia ngoma kwenye dumu tupu. Notisi ya Ndayikunda ikasahauliwa hapo hapo.

Asubuhi iliyofuata Merina alikuwa kwenye sabuni, kiu imembana. Alinyoosha mkono kuchukua kikombe, na kabla hajakifikia, kiu ikakata. Koo likawa bichi, tumbo likapoa. Alirudisha mkono, akaendelea kukoroga. Saa hiyo hiyo kule bandarini Kasongo alikuwa ameweka chupa chini na kufuta midomo.

Mchana Telesphory alivuta ugoro, na watu wote wa nyumba ile wakapiga chafya, waliokuwa sokoni na waliokuwa shule. Jioni Dotto alioga kwa sabuni yake ya manukato, na Bonfils, aliyekuwa bado shambani na jembe begani, akaanza kunukia waridi. Alirudi nyumbani safi mpaka kwenye kucha. Walipokaa barazani na kulinganisha habari, jambo likawa wazi, na hakuna aliyelitolea macho. Walikuwa wamekula chungu kimoja, wakawa kaya. Kilichobaki kilikuwa kupanga zamu.

Walipanga zamu ya kunywa na zamu ya kuoga. Jumatatu aliyeoga ni Kasongo, maana ndiye mwenye grisi, na nyumba nzima ikatakata. Jumanne Dotto, kwa ajili ya harufu. Nguo zilikaidi kwa wiki moja, kisha nazo zikakubali: ukifua kitenge kimoja, kamba nzima ilikuwa safi. Njaa peke yake iligoma, kila tumbo likabaki na yake, ndiyo maana chungu hakikutoka tena kwenye mafiga. Madumu ya njano ya Ndayikunda yalikaa matupu ukutani, na watoto wakayageuza magari moshi.

Ilikuwa raha, jamani. Mgongo wa Telesphory, uliomlaza kila masika, uligawanywa kwa watu wote, na kila mmoja akapata kijisehemu kisichozidi kutekenywa. Mzee alisimama wima kwa mara ya kwanza tangu astaafu, akawa anatembea tu uwanjani, kwenda na kurudi, apate kujionea. Mtoto mmoja akichekeshwa darasani, wote waliangua kicheko walipo. Merina alicheka peke yake katikati ya soko la Mwanga mpaka wauza nyanya nao wakacheka, bila kujua sababu.

Bariki naye alikuwamo. Alipiga simu siku ya tatu.

"Shikamoo, Mama Adolf. Naomba kujua, ni nani amekula pilipili?"

"Marahaba. Ni Bonfils, mwanangu. Nitamwambia apunguze."

"Nipo kwenye kikao, mama. Machozi yananitoka mbele ya watu."

Lakini hakulalamika sana, maana alikuwa mseja, amepangishwa chumba peke yake, na tangu Jumapili ile hakuwa amelala mpweke hata siku moja. Naye alikuwa na mchango wake. Ofisini kwao kulikuwa na mtungi wa maji ya baridi, na kila alipokunywa glasi, uwanja mzima wa Katubuka ulipata ubaridi kooni. Jua lilipokuwa kali watoto wa Ndayikunda walimwomba Merina ampigie. "Mama, mwambie anko anywe tena." Na Bariki alikunywa tena, kwa hisani. Jumapili Bonfils alipojaribu pombe ya ndizi kidogo, Bariki aliyumba kwenye kwaya, akaimba vizuri kuliko siku zote.

Kuhusu notisi, hakuna aliyeligusa tena jambo hilo. Huwezi kumfukuza mtu ambaye akijikwaa wewe ndiye unayechechemea. Dotto alimsuka Ndayikunda bure, na Telesphory alimtafutia mto wa kuegemea, kwa kuwa kiuno chake kilikuwa kiuno cha wote. Ukuta wa mbele ulipigwa chokaa, maduara yakapotea.

Mwisho wa mwezi Bariki alisoma mita. Nyumba yenye bajeti ya watu ishirini na watatu ilikuwa imetumia maji ya mtu mmoja msafi. Alifurahi, akapeleka taarifa kwa meneja wake, mwanamama mwenye miwani minene na sauti ya upole. Meneja aliisoma, akaipitisha kwenye kompyuta, na kompyuta ikafanya kazi iliyofundishwa: aliyetumia kidogo, bajeti yake ipunguzwe mpaka pale alipofika, asije akajisahau.

"Kaya ya mtu mmoja," meneja alisema.

"Ni watu ishirini na watatu, bosi. Nimewahesabu."

"Wanakunywa kama wangapi?"

"Kama mmoja. Mmoja akinywa, wote wametosheka. Mimi mwenyewe nimo."

Meneja alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Alikuwa ameona mengi katika utumishi. "Basi ni mtu mmoja," alisema. "Bajeti haiangalii sura za watu, Bariki, inaangalia koo. Tena wametusaidia. Hayo yaliyookolewa tumeyapeleka kwenye ile hoteli mpya ya ufukweni, wana bustani na bwawa la kuogelea."

"Hoteli wapo ngazi gani?"

"Ya kwanza. Wana vitanda themanini. Kila kitanda ni kichwa."

"Vitanda vingi vipo vitupu, bosi."

"Leo vitupu. Kesho huenda mgeni akaja."

Bariki alisimama pale akizungusha tai kidoleni. Aliwaza juu ya Ndayikunda, ambaye mimba yake alikuwa akiihisi kila alipopanda ngazi za ofisi. "Na mtoto akizaliwa katika kaya ya mtu mmoja?" aliuliza.

"Atakuwa ziada," alisema meneja kwa upole. "Ziada ina ngazi yake, ile ya tatu."

Bariki alimpelekea Merina habari hizo jioni, barazani, akasimulia bila kuficha. Merina alizisikia zote mpaka mwisho. Alikasirika, na hasira ikapita kwa kila mtu uwanjani, hata watoto wakakunja ngumi bila kujua wampige nani. Kisha, kwa kuwa hasira ya mtu mmoja ikigawanywa kwa wengi haibaki kubwa, ikatulia. Merina alikwenda ofisini kesho yake na kesho kutwa yake. Alipewa kiti, alisikilizwa, alipewa hata maji ya baridi. Kompyuta haikubadilika.

Siku ya uchungu ilianza kama siku nyingine. Ndayikunda alikuwa mkekani akichambua maharage, akasikia kitu kama kijimkono kinabisha hodi tumboni, akaendelea kuchambua. Chumba cha pili Mzee Telesphory alipiga ukelele, akamwita mama yake, aliyefariki kabla ya uhuru. Barazani Dotto aliachia kichwa cha mteja katikati ya msuko na kushikilia nguzo. Kule bandarini Kasongo alikumbatia injini aliyokuwa akiitengeneza, akakataa kuiachia. Shuleni watoto waliomba ruhusa kwa pamoja, wakidhani ni maembe mabichi.

"Mana yanje! Mungu wangu!" alisema Ndayikunda, akiwaangalia. "Kwani mmekula nini?"

"Ni wewe, mwanangu," alisema Merina, ameinama, mikono magotini. "Ni wewe, na umefika. Inuka twende."

Walimpakia kwenye bajaji kwenda zahanati. Ndayikunda alikaa wima, mikono juu ya tumbo, akawasalimu watu njiani. Merina ndiye aliyelala kiti cha nyuma akihema, na Bonfils, aliyeng'ang'ania ubavuni mwa bajaji, aliapa kwa sauti kwamba hatamsogelea mke wake tena.

Bariki alikuwa mbele ya kikao, akisoma taarifa ya maji yaliyookolewa robo ile ya mwaka, meneja akiwa kichwani mwa meza. Alifika kwenye sentensi ya pongezi, akasita, akaishika meza kwa mikono miwili. Mama mhudumu aliyekuwa akigawa chai alimtazama mara moja tu, akaweka birika chini.

"Huo ni uchungu," alisema. "Pumua, mwanangu. Usisukume bado."

Bariki akapumua. Wajumbe walimsogezea kiti, mmoja akampepea kwa ajenda. Meneja alisubiri kwa staha mpaka wimbi lipite, kisha akamwomba aendelee na ukurasa wa tatu.

Kule zahanati, muuguzi alishangazwa na jambo moja tu, kwamba mzazi alikuwa akicheka. Ndayikunda alicheka kwa sababu mara tisa alizaa peke yake, akaumia peke yake, na sasa alisikia kama anabebwa na mikono mingi asiyoiona. Mtoto alitoka katikati ya kicheko. Katika mji mzima, kila mtu wa nyumba ile, popote alipokuwa, aliketi chini na kulia kwa furaha. Kasongo aliibusu injini. Kikaoni Bariki alisema, "Ni wa kiume," na wajumbe wakapiga makofi, na mama mhudumu akampa chai yenye sukari nyingi.

Mtoto alipewa jina la Bukeyeneza, kwa kuwa kwao jina hilo linasifu mapambazuko mema. Kesho yake aliletwa Katubuka katika kitenge kipya, na hapo ndipo walipotambua alivyo. Mtoto huyu hakuwa amekula chunguni. Telesphory alikunywa maji, wote wakatosheka, na mtoto aliendelea kulia kutaka titi. Dotto alioga, wote wakatakata, na mtoto alibaki na utando wake wa kuzaliwa mikunjoni. Alikuwa na kiu yake mwenyewe na ngozi yake mwenyewe. Alihitaji maji yake, asubuhi na jioni, ya vuguvugu, beseni zima, na nepi zake zilihitaji mengine.

Wapangaji walizunguka beseni la waridi, ambalo Dotto alilitoa kwa hiari. Bajeti ya mtu mmoja ilikuwa imekwisha kutumiwa na mtu mmoja mwenye miili ishirini na mitatu. Tone lolote la ziada lilikuwa la ngazi ya tatu. Uchungu walikuwa wameugawana, lakini mifuko ilibaki mbalimbali, na bei ile ingeingia katika kila mfuko.

Mzee Telesphory alivua kofia.

"Mimi sina ubaya na mtu," alisema polepole, na safari hii sauti ilimtetemeka, kwa kuwa mtoto alikuwa amemshika kidole. "Chungu kipo. Mama Adolf achovye kidole kwenye mchuzi, amguse midomo. Kidogo tu. Atakuwa mmoja wetu. Dotto akioga, naye ameoga. Hatatumia hata kikombe."

Hakuna aliyempinga. Lilikuwa wazo la busara, tena la upendo, na Merina alijikuta ameshakwenda mpaka kwenye mafiga. Alifunua chungu. Alichovya kidole kwenye mchuzi wa mawese, akarudi nacho kimenyooka, chekundu, tayari. Moyo wake ulimwambia fanya, na moyo ule ule ukamwambia usifanye, na kwa kuwa moyo wake ulikuwa wa wote, uwanja mzima ulisimama hivyo, haujui.

"Oya," alisema Ndayikunda. "Hapana, mama."

Alimvuta mtoto kifuani. "Sisi tumekuwa mmoja kwa sababu tulibanwa. Sisemi vibaya, nimefurahi, sijawahi kufurahi hivi. Lakini huyu hajabanwa bado. Ana siku moja duniani. Nilikuomba jambo moja, mama. Aoge. Aoge yeye mwenyewe, maji yammwagikie yeye, alie yeye. Akikua akitaka kula chunguni, chungu kipo."

Merina alikitazama kidole chake, akakilamba mwenyewe. Kisha akavuta ufunguo shingoni, akafungua kofuli.

Maji yaligonga beseni kwa kishindo ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia kwa muda mrefu. Wakayapasha moto. Wote walisogea kuona, hata wakakanyagana, na kila mmoja alikuwa mkavu. Ndayikunda alimshusha mtoto polepole, miguu kwanza. Bukeyeneza alifumbua macho, akatupa mikono, akapiga maji kwa visigino mpaka yakaruka nje na kumlowesha Telesphory suruali, na Telesphory hakuifuta. Hakuna mwingine aliyeuhisi ule uvuguvugu. Ulikuwa wa mtoto peke yake, na wao waliutazama tu usoni mwake, wakacheka kwa wivu na kwa furaha mpaka mbavu zikawauma.

Bariki alifika na kifaa chake na kopo la rangi. Alinyoosha shingo kumwona mtoto kwanza, machozi yakamlengalenga, maana naye alikuwa amemzaa. Kisha akasoma mita, akaandika. Kifaa kilimwuliza ziada hiyo ni ya nani, akaingiza jina. Kikamweka Bukeyeneza ngazi ya tatu, umri siku moja, mfujaji. Bariki alikwenda mbele ya nyumba, akachora duara jekundu juu ya chokaa mpya, kwa mkono uliotulia, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoajiriwa, kisha akarudi na kushika taulo.

"Basi, mtoe, asije akapata baridi," alisema Merina.

Lakini kabla Ndayikunda hajamwinua, mtoto alikunja uso, akatulia kama mwenye kufikiri jambo zito, akakojoa ndani ya beseni. Kimkojo kiliruka juu, kikapiga upinde, kikatua katikati ya maji yote yale ya bei mbaya. Watu ishirini na wanne waliangua kicheko kimoja. Merina alimwaga beseni kwenye migomba, akalisuuza, akafungua koki tena.